Msimwachie mgeni funguo za nyumba: barua ya wazi kuhusu matoleo maalumu ya majarida ya sayansi

Waheshimiwa makamu wakuu wa vyuo vikuu, wajumbe wa kamati za kupandisha vyeo, na ndugu zangu wahariri wakuu wa majarida ya kisayansi ya Afrika Mashariki,

Salamu nyingi kutoka Unguja.

Wiki iliyopita nililetewa baruapepe ya kunialika niwe mhariri mwalikwa wa toleo maalumu kuhusu betri za magari ya umeme. Mimi ni mtu wa mwani. Utafiti wangu wote nimeufanya kwenye maji ya magoti, kati ya vigingi na kamba, pwani ya mashariki ya kisiwa hiki, na sijawahi kuandika hata sentensi moja kuhusu betri. Aliyeniandikia alinisifu kwa "mchango mkubwa katika fani", akaniomba nilete waandishi wasiopungua kumi, akaniahidi kwamba makala yangu mwenyewe ndani ya toleo hilo itachapishwa bila ile ada ambayo baadhi ya majarida huwatoza waandishi. Mialiko ya namna hii huwa naifuta nikaendelea na kazi. Huu sikuufuta, kwa sababu alasiri ya siku ile ile mhadhiri kijana wa idara yetu alibisha hodi akiwa na mwaliko kama huo kwenye simu yake. Akaniuliza, "Mwalimu, nikikubali, kamati ya vyeo itanihesabia?"

Sikuwa na la kumjibu. Jibu la swali lake mnalo ninyi, ndiyo maana nawaandikia hadharani.

Kwa faida ya wasomaji ambao kazi hii hawaijui kwa ndani, nieleze kidogo. Katika matoleo ya kawaida ya jarida, makala huingia moja moja, kila moja na mada yake, zikapelekwa kwa wapitiaji wawili au watatu wanaoijua mada hiyo. Wao hushauri ikubaliwe, irekebishwe au ikataliwe, na mhariri ndiye anayeamua. Toleo maalumu hukusanya makala za mada moja. Kwa kuwa mhariri mkuu hawezi kuwa bingwa wa kila jambo, humwalika mtu wa nje aliyebobea katika mada hiyo. Mtu huyo huandika wito wa makala, hutafuta wapitiaji, husimamia masahihisho, na mwisho huandika tahariri ya kulifungulia toleo. Utaratibu huu ni wa zamani na una heri nyingi. Jarida la sayansi ya bahari la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi chenye makao yake hapa Zanzibar, lilianza kutoka mwaka 2002, na mwaka 2017 lilitoa toleo maalumu zima kuhusu miamba ya matumbawe ya Mauritius na mabadiliko ya tabianchi. Mtu anayetaka kujua hali ya matumbawe ya kisiwa kile analikuta jambo lake mahali pamoja, kutoka kwa watu walioyapigia mbizi. Makala zile zile zingetawanyika katika majarida kumi ya nchi kumi, nusu yake tusingezifikia.

Nami nimewahi kuandaa toleo la namna hiyo, na humo ndimo nilimojifunza ninayotaka kuwaambia.

Tulianza na swali. Mwani wa cottonii, ambao bei yake ni nzuri kuliko ya spinosum, aina nyingine inayolimwa hapa, umekuwa ukifa katika sehemu nyingi za Unguja ambako zamani ulistawi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa mwaka 1989, na wakulima, ambao wengi wao ni wanawake, wanasema maji ya leo si maji ya wakati ule. Sisi watafiti tulikuwa na vipande vipande vya ushahidi. Huyu ana vipimo vya joto, yule ana sampuli za magugu yanayoota juu ya mwani, mwingine ana daftari la mavuno la kikundi cha akina mama. Tukajiuliza: kinachoua cottonii ni joto peke yake, au joto na kitu kingine? Tukaandika wito wa makala wa ukurasa mmoja. Zikaja makala kumi na nne. Tulizochapisha ni sita.

Watu wanaoweza kupitia makala ya maradhi ya mwani katika upande huu wa Bahari ya Hindi hawajai daladala. Nilituma maombi ishirini na mawili nikapata wapitiaji wanane. Kazi hii haina malipo. Mmoja wao alinitumia maoni yake saa nane za usiku, akaniomba radhi kwa kuchelewa, maana alikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Wapitiaji hawa ndio wanaobeba neno tunalolitumia kwa fahari, kwamba makala "imepitiwa na wataalamu". Likiondolewa jasho lao, hakuna kinachobaki ndani ya neno hilo.

Katika zile makala kumi na nne, moja ilikuwa ya mwanafunzi wa uzamili. Alikuwa na jedwali zuri la joto la maji, miezi kumi na miwili, vipimo viwili kila mwezi, na hitimisho lililosema kwamba wastani wa joto la bahari katika eneo lake umepita kiwango ambacho cottonii inaweza kukivumilia. Mpitiaji wa kwanza aliisifu. Wa pili aliandika mistari mitatu tu. Alitaka kujua vipimo vilichukuliwa saa ngapi, maji yakiwa yamejaa au yamekupwa, na kipimajoto kilizamishwa kina gani.

Nilimpigia simu mwandishi. Alifungua daftari lake la shambani, lenye kurasa zilizojikunja kwa maji ya chumvi, akanisomea tarehe moja moja na saa yake. Alipofika ya sita aliacha kusoma, akanyamaza. Vipimo vyote alivichukua siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita siku nyingine, maji yakiwa yamekupwa, kati ya saa nne na saa sita mchana, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo wakulima huwa shambani, naye alikuwa akifuatana nao. Saa hiyo maji hapo hayafiki magotini na jua limeshayapiga tangu asubuhi. Vipimo vyake vilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosewa ni neno "wastani".

Aliazima kipimajoto kinachojirekodi chenyewe, akakifunga kwenye kigingi cha shamba, akakiacha miezi mitatu usiku na mchana. Ikaonekana kwamba maji yakijaa, na usiku, joto hushuka. Mwani haukai ndani ya joto lile siku nzima. Unapigwa nalo saa chache za maji kupwa, siku za bamvua, hasa wakati wa kaskazi, halafu unapata nafuu, halafu unapigwa tena. Jibu hili ni tofauti na lile la kwanza, na lina faida zaidi kwa mkulima, maana linamwonyesha kwamba akipeleka kamba zake kwenye maji ya kina anaweza kuliepuka pigo. Jibu la kwanza lingemwambia tu kwamba bahari imekwisha.

Mistari mitatu ya mtu asiyelipwa ndiyo iliyoleta yote haya.

Toleo letu lilichelewa miezi saba kwa sababu ya makala ile na nyingine mbili. Ofisi ya uchapishaji tuliyokuwa tukifanya nayo kazi, ambayo sitaitaja, ilikuwa ikiniandikia kila Jumatatu kuniuliza kwa nini makala "zimekwama". Jumatatu moja waliniandikia kwamba sina haja ya kumsubiri mhariri mkuu, mfumo unaniruhusu kukubali makala mimi mwenyewe. Niliufungua mfumo nikaona ni kweli. Kulikuwa na kitufe cha kukubali mbele ya kila makala, na katika orodha ile ile, mstari wa nne kutoka juu, ilikuwemo makala yangu mwenyewe, na kitufe chake kikiwa wazi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani kwa makala ile. Hakuna ambaye angejua kama ningebonyeza.

Nilimpigia simu mhariri mkuu usiku ule ule, nikamwomba makala yangu aichukue yeye, aitafutie wapitiaji nisiowajua, na majina yao yasionekane kwenye ukurasa wangu. Alishangaa. Hakuwa akijua kwamba wahariri waalikwa wanakiona kitufe kile. Mtu mwadilifu, mwenye jarida lake, hajui funguo za nyumba yake ziko kwa nani.

Waheshimiwa, mtu aweza kudhani hili ni jambo dogo la kompyuta. Yaliyotokea duniani miaka hii michache yanaonyesha vingine. Hindawi ilianzishwa Cairo mwaka 1997, kampuni ya uchapishaji wa sayansi iliyozaliwa barani kwetu na kukua hadi kuwa na majarida zaidi ya mia mbili. Januari 2021 Wiley ya Marekani iliinunua kwa dola milioni 298. Ukuaji wake ulisukumwa sana na matoleo maalumu, na katika matoleo hayo wahariri waalikwa walipewa mamlaka makubwa mno. Wakaingia watu wa viwanda vya makala, yaani wale wanaotunga makala za uongo na kuuza nafasi ya jina la mwandishi kwa anayetaka cheo. Makala zikapitiwa na wapitiaji waliokuwa upande mmoja na waandishi, au hazikupitiwa kwa maana yoyote ya neno hilo. Mwishoni mwa mwaka 2022 Wiley ilisimamisha matoleo hayo kwa miezi kadhaa ili kuyachunguza. Mwaka 2023 peke yake zaidi ya makala 8,000 za Hindawi zilifutwa, yaani ilitangazwa kwamba haziaminiki tena, katika mwaka ambao makala zilizofutwa dunia nzima zilipita 10,000, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa. Machi ya mwaka huo huo Clarivate, wenye Web of Science, orodha ya kimataifa ya majarida ya sayansi, walitangaza kwamba wameondoa majarida zaidi ya 50 kwenye orodha yao, 19 yakiwa ya Hindawi. Kabla mwaka haujaisha Wiley ikatangaza kuliacha jina lenyewe la Hindawi.

Jina lililojengwa Cairo kwa zaidi ya miaka ishirini likazimika hivyo.

Wala si kampuni moja. Journal of Nanoparticle Research, jarida la kampuni nyingine kabisa, lilieleza lenyewe katika tahariri yake jinsi lilivyoibiwa. Watu walijifanya maprofesa wanaojulikana, wakaomba kuandaa toleo maalumu, wakitumia anwani za baruapepe zilizofanana na za vyuo vya kweli ila kwa herufi chache. Jarida likakubali. Makala kadhaa zilishachapishwa kabla ya mtu kugundua kwamba wahariri wale hawakuwa wale. Na mwaka 2021 watafiti Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov waliandika kuhusu maneno ya ajabu waliyoyakuta katika mamia ya makala, mengi yakiwa ya jarida la Microprocessors and Microsystems na matoleo yake maalumu. Istilahi zilizozoeleka zilikuwa zimepitishwa kwenye programu za kubadilisha maneno ili wizi usijulikane. Akili bandia ikawa "fahamu ya kughushi", na saratani ya matiti, katika makala za kundi hilo, ikawa "hatari ya kifuani". Mpitiaji mmoja aliyeisoma makala hadi mwisho angeuliza hii hatari ya kifuani ni maradhi gani. Basi hakuwapo aliyesoma.

Nikirudi nyumbani, machungu haya yana majina ya watu ninaowajua. Rafiki yangu wa chuo kingine, mtu wa afya ya jamii, alipeleka makala yake ya kweli, ya miaka mitatu ya kuzunguka vijijini, kwenye toleo maalumu la jarida la ng'ambo. Alialikwa kwa barua nzuri. Ada aliilipa mwenyewe, na ilizidi mshahara wake wa mwezi. Makala yake haikuwa na kosa na haikufutwa. Ila jarida liliondolewa kwenye orodha, na alipopeleka faili lake la kupanda cheo, kamati ikaiweka pembeni makala ile pamoja na zote za jarida hilo. Hakuna aliyeifungua kuisoma. Mwaka mmoja kabla, kamati ile ile ingeihesabu, na pia isingeifungua.

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize sana, makamu wakuu na wajumbe wa kamati. Wanaotuma mialiko ya betri kwa watu wa mwani wanajua mnachohesabu. Mnahesabu makala, na mnahesabu orodha ambayo jarida limo. Mtu aliyekaa mwaka na nusu akiandaa toleo moja la makala sita, akapiga simu, akarudisha makala mara tatu, akazuia kosa lisifike kwa wakulima, kwenye fomu zenu hana pa kuliandika. Nilijaza fomu yangu mwenyewe nikalazimika kuliweka toleo zima chini ya "shughuli nyinginezo", pamoja na kuhudhuria warsha. Aliyechapisha makala tatu kwa wiki tatu katika matoleo matatu maalumu ana mistari mitatu iliyonyooka, kila mmoja na alama zake. Kijana mwenye akili akitazama fomu hiyo anajua barabara ya mkato iko wapi, na siwezi kumlaumu yeye kwanza.

Jedwali la vyeo liwe na mahali pa uhariri na upitiaji. Aliyehariri alete wito wa makala alioandika, idadi ya makala zilizoingia na zilizokataliwa, na barua ya mhariri mkuu kuthibitisha. Aliyepitia makala kumi kwa mwaka alete uthibitisho wa majarida. Na makala zinazoletwa kwa ajili ya cheo, mbili au tatu zilizo bora kwa maoni ya mwenyewe zisomwe na kamati, zisomwe kweli. Najua kamati zina kazi nyingi. Rafiki yangu alizunguka vijijini miaka mitatu.

Kwenu wahariri wakuu nina maneno mengine, nayo nayasema kama mtu aliyekula chumvi yenu. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mhariri mwalikwa anakuja na elimu ambayo ninyi hamna, na jarida linapona kwa kuja kwake. Lakini mgeni hapewi funguo za nyumba nzima, mwenyeji akaenda kulala. Uamuzi wa mwisho wa kila makala ya toleo maalumu ubaki kwenu, kwa jina lenu, kama ilivyo kwa makala za kawaida. DOAJ, orodha ya majarida huria, yaani yanayosomwa bure, iliyoanzishwa Sweden mwaka 2003, inataka waziwazi mhariri mkuu awajibike kwa yote yaliyomo katika jarida, matoleo maalumu yakiwemo. Inataka pia kwamba makala za wahariri waalikwa wenyewe zisizidi asilimia 25 ya toleo, na zishughulikiwe na mtu mwingine asiyehusika nazo. Majarida yetu mengi yanatamani kuwamo kwenye orodha ile. Waandikieni mafundi wa mfumo wenu leo muwaulize mhariri mwalikwa anaona vitufe gani. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kuandika sera yoyote.

Mtu akileta pendekezo la toleo maalumu, mpigieni simu kwa namba ya idara iliyo kwenye tovuti ya chuo chake. Msitumie ile aliyoiweka chini ya barua yake. Dakika tano za simu zingeliokoa lile jarida la nanoteknolojia.

Kisha muulizeni swali lake ni lipi. Mapendekezo mengi niliyoyaona yana mada na hayana swali. "Maendeleo ya hivi karibuni katika kilimo endelevu" si swali, ni kapu, na kapu hujazwa na chochote kilichopo. Swali lina mipaka. Likishawekwa, mtu anajua makala ipi ni yake na ipi si yake, na wapitiaji wanajua wanatafuta nini. Zikija makala nne nzuri, toeni nne, au ziingizeni katika toleo la kawaida kama sehemu yenye kichwa chake. Idadi ya makala isipangwe kabla ya makala kusomwa. Ninyi mnaotoza ada ndio hasa mnaopaswa kujilinda hapa, kwa sababu kila makala inayokataliwa ni fedha iliyotoka mlangoni, na mhariri anayeulizwa kila Jumatatu atachoka siku moja.

Kuna wanaosema dawa ni kuyafuta matoleo haya kabisa. Shirika la taifa la Uswisi la kufadhili sayansi liliamua kwamba kuanzia Februari 2024 halitalipia tena makala zinazotoka katika matoleo maalumu. Naielewa hasira yao, na kwa watu wenye majarida mia ya kuchagua uamuzi huo hauwatoi damu. Kwetu ningeuona ni hasara. Cottonii ya pwani ya mashariki ya Unguja haimshughulishi mhariri wa jarida kubwa la Ulaya. Atajibu kwa upole kwamba jambo hili ni la mahali padogo. Maradhi ya migomba ya Kagera na Bukavu, au udongo wa Usambara, hukutana na jibu lile lile. Toleo maalumu la jarida letu wenyewe ndipo mahali ambapo mambo yetu yanapewa kurasa za kutosha, na wapitiaji wanaojua tofauti ya bamvua na maji mafu. Ndiyo maana naumia kuona neno "toleo maalumu" likianza kutajwa kwenye kamati kana kwamba ni doa.

Nina ombi jingine ambalo halimo katika miongozo ya mtu yeyote. Toleo letu lilipotoka, nilikwenda kwa kikundi cha akina mama ambao daftari lao la mavuno tulilitumia. Tulikaa chini ya mvinje, maji yakiwa yanajaa, nikawaeleza kwa Kiswahili tulichokipata, jedwali kwa jedwali. Walinisikiliza vizuri, wakabishana wao kwa wao kuhusu kina cha maji, na wawili walisema wangejaribu kamba chache upande wa mkondo. Kisha bibi mmoja, ambaye amelima mwani tangu miaka ya mwanzo, akaniuliza, "Na mkija kuona mmekosea, sisi nani atatwambia?"

Makala ikifutwa, tangazo huwekwa kwenye tovuti ya jarida kwa Kiingereza. Mtafiti mwenzangu atalikuta akitafuta. Bibi yule hatalikuta. Naomba basi kila toleo maalumu linalohusu riziki za watu wa huku liwe na ikisiri za Kiswahili kwa kila makala, zenye urefu wa kueleweka, na masahihisho yoyote yatakayokuja baadaye yatolewe pia kwa Kiswahili na yafikishwe kwa vikundi, shehia au ofisi za kilimo zilizotoa data. Mhariri mwalikwa awajibike kwa hilo kama anavyowajibika kwa tahariri. Si gharama kubwa. Sisi tuliandika ikisiri sita kwa siku mbili, na ugumu wote ulikuwa kukubaliana jinsi ya kuuita ule ugonjwa wa mwani kupauka na kukatika. Wakulima walikuwa na neno lao tayari.

Kuhusu muda wa wapitiaji sina mengi. Kumpa mpitiaji siku saba ni dharau. Wiki nne, na mtu akiomba mbili zaidi apewe.

Nawaomba wahariri wakuu mtakaoisoma barua hii mtangaze kwenye majarida yenu, kabla ya wito wa makala unaofuata, nani anakubali makala za matoleo maalumu na makala za wahariri waalikwa zinapitiwa vipi. Kwa makamu wakuu, kikao kijacho cha seneti kina ajenda ya taratibu za vyeo katika vyuo vyetu vingi. Ingizeni mstari wa uhariri na upitiaji. Niko tayari kuja kwenye kamati yoyote na daftari zangu, barua zote nilizoandikiana na wapitiaji majina yao yakiwa yamefichwa, na ile makala ya wastani katika hali yake ya kwanza na ya mwisho, ambayo mwandishi wake ameniruhusu kuionyesha.

Yule mhadhiri kijana bado hajapata jibu lake. Mwaliko unamtaka ajibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, na nimemwomba asubiri.

Wenu katika kazi,

Mhadhiri na mpitiaji wa makala, Unguja